Kilo Moja na Nusu ya Unga

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea katika milima ya Ekerenyo, niliwaambia watoto wachore baba. Msichana mmoja wa PP1, darasa la chini la chekechea, alichora mtu mwenye kitambaa kichwani na kikapu cha majani chai mgongoni, akaniletea karatasi akiwa anacheka. Nikamwambia amekosea, huyo ni mama. Aliitazama karatasi, akanitazama, kisha akaikunja na kuikalia. Hakuchora tena wiki ile.

Mimi nililelewa Nakuru, kwa Kiswahili. Sikujua kwamba katika Ekegusii *baba* ni mama, na mzazi wa kiume ni *tata*. Mtoto alisikia neno la nyumbani kwao akalijibu sawasawa, na mwalimu ndiye aliyekosea.

Ushauri wote ninaotaka kutoa leo umetokana na karatasi ile. Mtoto wa miaka 4 haingii darasani mikono mitupu. Anaingia na lugha ya mama yake, na soksi zilizolowa, na tumbo ambalo pengine limepata chai ya rangi tu tangu alfajiri, na woga aliokuja nao njiani. Ukivipuuza hivyo ukakimbilia herufi, unafundisha ukuta. Na hakuna kipindi kinachohitaji uangalifu huo kama muhula wa tatu.

Katika madarasa mengi kumebandikwa chati za dukani zenye majira manne ya mwaka, na Oktoba imechorewa mti unaopukutisha majani mekundu. Ni picha ya kupendeza, lakini ni ya Ulaya na Marekani. Kamusi huyaita majira hayo ya kupukutika kwa majani vuli, ilhali kwa mkulima wa Afrika Mashariki vuli ni mvua. Hapa Nyamira Kaskazini mvua haikatiki kabisa mwaka mzima, ila kuanzia Septemba asubuhi huwa na ukungu, alasiri hunguruma, na udongo mwekundu wa vijia vya chai hugeuka utelezi. Nawashauri walimu wenzangu waibandue chati ile, waweke karatasi nyeupe mahali pake, na kila asubuhi mtoto mmoja achore jinsi anga lilivyo. Baada ya mwezi mmoja darasa litakuwa na chati ya Ekerenyo iliyochorwa na wenyeji wake, na watoto watakuwa wamehesabu wenyewe siku za mvua na siku za jua.

Muhula wenyewe ni mfupi, majuma tisa hivi, tangu mwishoni mwa Agosti hadi mwishoni mwa Oktoba. Macho ya shule nzima yako kwa watahiniwa. Gredi ya 6 inajiandaa kwa tathmini ya kitaifa ya KPSEA, madawati yanahamishwa, kelele zinakatazwa. Wadogo wanaambiwa wanyamaze. Nyumbani nako mama yuko shambani kutwa, maana mvua ikinyesha chai huchipuka kwa kasi na haimngoji mtu. Kwa hiyo mtoto mdogo kuliko wote hupata sehemu ndogo kuliko zote ya muda wa watu wazima, katika miezi ambayo baridi na matope humwelemea zaidi. Siandiki haya kumlaumu mzazi yeyote. Naandika kwa sababu mengi ya kurekebisha yako ndani ya uwezo wetu.

Tuanze na miguu. Mtoto aliyekaa na soksi mbichi tangu saa mbili asubuhi hawezi kusikiliza hadithi hata ikiwa tamu vipi. Mzazi, mfungie jozi moja ya soksi kavu na fulana kuukuu ndani ya karatasi ya plastiki, uitie alama ambayo mtoto anaitambua mwenyewe, kwa mfano uzi wa bluu au kitufe, kwa kuwa jina lake bado hawezi kulisoma. Mwalimu, vuta kamba nyuma ya darasa ya kuanikia, tandika magunia safi au mkeka juu ya saruji, na robo saa ya kwanza usifundishe kitu. Wavue, wafute miguu, wavae vikavu. Mguse kila mmoja kwenye paji la uso unapomsalimu kwa Ekegusii, *Bwakire*. Wakaguzi wengine wanaweza kuuliza somo liko wapi. Somo liko palepale: kufungua vifungo, kutofautisha kushoto na kulia, kupanga soksi mbilimbili, kumsaidia mwenzako ambaye sweta limemkwama kichwani. Hayo ndiyo ambayo mtaala wa umilisi unayauliza katika shughuli za mazingira na hesabu, hata kama hakuna kilichoandikwa daftarini.

Kuna jambo la kurudi nyumbani. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima hii mchana, na ikifika alasiri hugeuka dhoruba, mara nyingine yenye mvua ya mawe. Mtoto wa PP akiachwa amngoje dada yake wa Gredi ya 5 hadi saa tisa na nusu, anatembea ndani ya dhoruba hiyo. Zamani Abagusii, wenyeji wa milima hii, walimkabidhi mtoto mchanga kwa msichana wa familia aliyeitwa *omoreri*, na bado tunategemea watoto kuwalea watoto. Sina ugomvi na mila hiyo. Dada wengi wanaifanya kazi hiyo kwa upendo mkubwa. Lakini kijito kilichofurika si kazi ya mtoto wa miaka 10. Nyumba tano zinazotumia kijia kimoja zikubaliane mtu mzima mmoja awachukue wote saa sita na nusu, Jumatatu huyu, Jumanne yule. Mtu mmoja atoke shambani mara moja kwa wiki, na siku nyingine nne achume chai yake bila wasiwasi.

Nyanda za Gusii zina radi nyingi. Ngurumo zikisikika, watoto waingizwe ndani, wakae mbali na madirisha ya chuma na nguzo za chuma, na asitoke mtu mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kujikinga chini ya mkaratusi ni kujipeleka kwenye hatari, na watoto wafundishwe hivyo kwa mchezo: mwalimu akipiga dumu, kila mtu akimbilie ndani, si kwenye mti. Wakirudia mara kumi wakiwa wanacheka, siku ya hofu miili yao itakumbuka.

Na ujifunze kuhesabu pumzi. Baridi hii huleta mafua ambayo huisha yenyewe, na huleta pia kichomi, ambacho ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi walio chini ya miaka 5. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hajatoka kukimbia, inua fulana yake na uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima kwa saa au simu. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajatimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya mbavu inabonyea kila anapovuta pumzi, usihesabu tena, tafuta bodaboda. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini wamepewa mikoba ya vifaa vya kazi. Mwalimu awe na namba ya simu ya yule wa kijiji chake, iandikwe ukutani kwa kalamu nene.

Sasa nifike kwenye uji, ambao nitauzungumzia kwa urefu kwa sababu naamini ndio unaofundisha kuliko chati zote. Nimesikia mikutano mingi ya wazazi ikivunjika kwa ajili ya uji. Mmoja anasema ni kazi ya kaunti. Mwingine anasema mchango ni mkubwa. Mwingine ana mashaka na atakayeshika pesa. Wote wana sababu, na njia ya kutoka ni kuweka pesa kando na kuzungumza unga.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya unga ikipikwa kwa lita nane hivi za maji hutoa vikombe thelathini na zaidi kidogo vya robo lita. Darasa la watoto 30 linatumia kilo moja kwa siku, kilo 5 kwa wiki, kilo 45 kwa majuma tisa. Gawanya kwa watoto 30: kila nyumba inadaiwa kilo moja na nusu ya unga kwa muhula mzima. Gorogoro moja haijai. Nilipoimwaga hesabu hiyo mbele ya wazazi, kwa unga halisi juu ya gazeti na si kwa maneno, chumba kilinyamaza. Bibi mmoja aliinuka akasema nyumbani kwake kuku wanakula zaidi ya hapo. Wiki hiyo hiyo sufuria iliwekwa motoni.

Unga uwe wa wimbi kwa sehemu kubwa, ule ambao wenyeji wanauita *obori*, ukichanganywa na mahindi, na soya kidogo mwenye nayo akileta. Ndizi mbivu iliyopondwa inatia utamu pasipo sukari, na parachichi likipondwa ndani ya kikombe humshibisha mtoto mpaka mchana. Vyote viwili vinaoza chini ya miti hapa kwa kukosa wa kuvila. Angalizo moja ni zito. Mahindi yaliyovunwa karibuni hukauka kwa shida katika hali hii ya hewa, na yakiota ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Kuyachemsha hakuiondoi sumu hiyo. Punje yenye rangi ya kijani au nyeusi, au iliyonyauka na kunuka, isifike kinuni. Wazazi wanaoleta mahindi badala ya unga wayachague juu ya ungo mchana, wakiwa pamoja, kabla ya kwenda posho mili. Watoto wa PP2 wanaweza kushiriki kuchagua, maana macho yao ni makali na kutenga kitu kizuri na kibovu ni somo la hesabu pia.

Nani apike? Hapa ndipo Abagusii wana jibu walilolirithi. Kuna *egesangio*, kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, bila malipo na bila mtu kusahau zamu yake. Geuzeni darasa liwe shamba moja kati ya mashamba yenu. Kila siku mzazi mmoja au bibi au babu aje saa mbili na nusu na mzigo wa kuni, apike, anawishe mikono kwenye kibuyu chirizi, agawe, aoshe vikombe, aende zake saa nne na nusu. Kwa watoto 30 zamu ya nyumba moja inarudi baada ya majuma sita. Asiye na unga wa kutoa alete kuni au siku mbili za mikono yake, na mwalimu aandike mchango wake sawa na wa wengine, bila alama yoyote ya kumtofautisha mwanawe. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mtoto akiketishwa kando wakati wenzake wanakunywa, eti mamake hajamaliza mchango. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Sufuria ikiwa ya wote, kila mtoto aliye chumbani anakunywa.

Kwa wanaosema ni kazi ya kaunti, historia inasaidia. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti, na tangu 2013 kaunti ndizo zinazoajiri walimu wa chekechea na kujenga madarasa. Zidaini hayo, tena kwa sauti. Lakini chekechea za Kenya zilikuwepo kabla ya hapo. Baada ya uhuru wazazi walizianzisha kwa harambee, chini ya miti, makanisani na katika majumba ya mikutano, wakimlipa mwalimu kwa walichokuwa nacho. Serikali ilipoanza mradi wake wa elimu ya awali mwaka 1971 kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, ilizikuta kazi za wananchi zimekwisha simama. Sufuria ya wazazi haimwondolei gavana deni lake. Inamfanya mtoto asilale njaa wakati deni hilo linadaiwa.

Mzazi anapokuja kupika anaona pia. Anaona mwanawe anavyocheza na nani anampiga. Anaona mwalimu mmoja na watoto 30. Mara nyingi mvutano kati ya wazazi na mwalimu huisha mbele ya sufuria ile, bila mkutano.

Na anaweza kufundisha. Nilichelewa kujua jinsi lugha ya nyumbani inavyorahisisha hesabu, mpaka siku moja *magokoro* mmoja, bibi wa mmoja wa watoto, alipokuwa akigawa vikombe na kuhesabu kwa sauti. Alifika tano, *isano*, kisha sita ikawa tano na moja, saba ikawa *isano na ibere*, tano na mbili, nane ikawa *isano na isato*, tano na tatu, halafu *kianda* na *ikomi*. Nilisimama nikisikiliza. Katika Kiswahili, sita, saba na tisa ni maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu, na mtoto anayakariri tu kama majina ya watu asiowajua. Kwa Ekegusii jina la namba linakwambia imetengenezwaje. Mkono mmoja umejaa, umeongeza vidole viwili vya mkono wa pili. Tangu siku hiyo niliwafundisha saba kwa mikono na kwa Ekegusii kwanza, kisha Kiswahili, mwishowe Kiingereza kwa wimbo, na watoto waliokuwa wamekwama kwenye tano kwa miezi walivuka.

Najua wazazi wengi wanaogopa. Wanasema Kiingereza ndicho cha mtihani, na shule jirani ya kulipia inawaimbisha watoto Kiingereza tangu asubuhi. Mzazi wangu, tangu ripoti ya elimu ya kamati ya Gachathi ya 1976 Kenya imeshikilia kwamba miaka ya mwanzo ya shule itumie lugha ya eneo, na sababu haikuwa mila peke yake. Mtoto anayeelewa kinachosemwa hufikiri, na asiyeelewa huiga sauti. Kiingereza kitakuja, na kitakuja haraka zaidi kwa mtoto aliyezoea kuelewa. Ila mwalimu akumbuke pia kwamba si kila mtoto aliye Ekerenyo ni Omogusii. Wajaluo na Wakipsigis ni majirani wa karibu, watu wameoana na kufanya biashara pamoja, na darasani huwa yupo mmoja au wawili wenye lugha nyingine. Mwulize mamake huyo maneno ishirini: maji, choo, naumwa, njoo, vizuri, mama. Yaandike, uyatumie. Na darasa zima lijifunze kumsalimu kwa lugha yake.

Vifaa visimsumbue mtu. Mchuma chai yeyote anajua kinachotakiwa: majani mawili na chipukizi moja. Mletee mtoto matawi kumi kutoka ukingo wa shamba, mwambie atafute yaliyo sahihi, na utakuwa umemfundisha mbili, moja, tatu, na kutazama kwa makini, kwa pamoja. Magunzi yanapangwa kuanzia fupi hadi refu. Maganda makavu ya mgomba yanasukwa kamba, yanafungwa mpira, na vidole vilivyosuka kamba mwezi mzima vitashika kalamu bila kutetemeka. Vifuniko vya soda, mbegu za parachichi, kokoto za mtoni, vyote vioshwe kwanza. Maharagwe na mbegu ndogo yatumike mbele ya macho ya mtu mzima tu, kwa sababu pua ya mtoto wa miaka 4 ina njaa ya maharagwe. Haragwe likiingia puani, usilichokoe kwa kijiti. Hospitali.

Kisha inakuja ile saa ambayo kila mwalimu wa darasa la mabati anaijua: mvua inapiga bati, sauti yako haifiki hata kwa mtoto wa mbele, na wadogo wameanza kulia. Miaka ya mwanzo nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Usishindane na bati. Weka kando somo la maneno na uwe na somo la mvua limeandaliwa tayari. Kaeni duara, mgongo wa huyu ukiwa mbele ya yule, na kila mtoto achore kwa kidole mgongoni mwa mwenzake: mstari, duara, mlima. Wa mbele anaipitisha picha hiyo kwa anayemfuata. Au simulia hadithi kwa mikono na uso, fisi anayenyemelea, sungura anayenawa, bila neno, na waonyeshe walichoelewa kwa kuchora. Au wasikilize tu: mkono juu mvua ikizidi, mkono chini ikipungua. Mtoto aliyekuwa anaogopa mvua anakuwa kiongozi wake.

Kuna mtoto mmoja ninayemfikiria kila ninapozungumzia darasa, yule asiyesema. Wageni humwita mzito. Wanaanthropolojia wa Kimarekani, Robert LeVine na wenzake, walikaa na Abagusii katika miaka ya 1950 na tena miaka ya 1970, na kitabu chao cha 1994 kuhusu malezi ya watoto wachanga kilisomwa sana ulimwenguni. Waliona mama wa Kigusii akimshika na kumtuliza mtoto upesi kuliko mama wa Boston, lakini akizungumza naye kidogo. Usalama wa mtoto ulitangulia. Mazungumzo na ufundi vilikuja baadaye, kwa kutazama ndugu wakubwa. Mtoto mwema hakumkodolea mkubwa macho wala kumjibu ovyo. Mengi yamebadilika tangu hapo, lakini adabu hiyo ipo. Mtoto anayeinamisha uso unapomwuliza swali mbele ya wote huenda anakuheshimu kama alivyofunzwa.

Kwa hiyo usimsimamishe. Mpe kazi: agawe vikombe, amwoneshe mwenzake njia ya kufunga kamba. Mkae kando kwa kando mkichagua mahindi, macho yenu yakiwa kwenye ungo na si usoni, na hapo atazungumza mpaka ushangae. Mzazi, na wewe umsaidie. Huhitaji kitabu. Ukiwa jikoni jioni mwambie unachofanya, mwulize mkungu huu una vichana vingapi, subiri jibu lake hata likichelewa. Na mwombe bibi arudishe *emegano*, zile ngano za usiku, wakati umeme umekatika na mvua inanyesha. Watoto wa Ekerenyo wanazidi kulala na simu.

Fimbo sitaijadili kwa urefu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza, na mtoto anayengoja kuchapwa hana nafasi kichwani ya kitu kingine.

Sheria hiyo hiyo hairuhusu shule ya umma kumtahini mtoto ili kuamua kama itampokea. Nasema hivi kwa sababu Oktoba wazazi wa PP2 hupatwa na homa ya Gredi ya 1. Wananunua vitabu vya mazoezi, wanawashika watoto mikono usiku wakiandika a mpaka machozi yanadondoka kwenye karatasi. Mtoto wa miaka 5 anayejua kujifunga viatu, kwenda choo peke yake, kusikiliza hadithi mpaka mwisho, kuhesabu vitu kumi kwa kuvigusa, na kumwambia mtu mzima kwamba anaumwa, yuko tayari. Jambo ambalo halifanywi, na linagharimu asubuhi moja tu, ni kumpeleka akalione darasa la Gredi ya 1 mwalimu wake akiwa bado anamshika mkono. Akae kwenye dawati. Ajue choo kiko wapi. Amjue mwalimu kwa jina. Walimu wa madarasa hayo mawili wakizungumza nusu saa kuhusu kila mtoto, nani ana pumu, nani amefiwa, nani haoni ubao vizuri, Januari itapungukiwa vilio vingi.

Neno kuhusu bonasi. Oktoba ndipo wakulima wanaouza chai kupitia KTDA hupokea malipo yao ya pili ya chai, na nyumba nyingi hapa huishi mwaka mzima zikiyangoja. Huwa ni wiki ya mabati mapya na nyama, na katika nyumba nyingine ni wiki ya ugomvi, maana mikono iliyochuma si lazima iwe ndiyo yenye jina kwenye akaunti. Mtoto huyaleta hayo darasani. Mwalimu atakayeona mtoto amekuwa mkali ghafla au amerudi kujikojolea wiki hiyo asimtangaze. Amweke karibu, ampe kazi ya sufuria, amtafute mama kwa upole wakati wa zamu yake. Na akina baba, nawaomba kwa heshima: pesa zikiingia, kabla ya kitu kingine chochote nunueni vitu vitatu, viatu vinavyozuia maji, sweta zito, na unga wa muhula unaofuata. Kwa muhula wa majuma tisa unga huo ni kilo moja na nusu. Bei yake ni ndogo kuliko soda za meza moja sokoni siku ya malipo.

Shule zikifungwa mwishoni mwa Oktoba kuna tarehe moja inayosahaulika. Majuma ya Malezi Bora hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, ambapo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa vitamini A, na wakubwa kidogo dawa ya minyoo. Mwezi Mei watoto wanaweza kupatikana shuleni, kwa pamoja. Novemba wako nyumbani, kila mmoja kwao, na mtoto wa PP1 ambaye bado hajatimiza miaka 5 hukosa kwa sababu tu hakuna aliyemkusanya. Kwa hiyo siku ya mwisho ya muhula, mzazi anapokuja kuchukua gunia lake na kikombe cha mwanawe, mwalimu amwombe kile kijitabu cha kliniki, wahesabu pamoja miezi ya mtoto, na aandike kwa kalamu nyuma ya kikombe cha plastiki: Novemba, zahanati. Unga uliosalia ugawiwe siku hiyo hiyo, mfuko mdogo kwa kila nyumba, uanze kwa nyumba iliyopungukiwa zaidi, na ugawiwe na bibi, siyo na mwalimu, kwa sababu bibi anajua ni nyumba ipi.